Mbalamwezi Juu ya Makaa

Mwaka 1835, mjini London, mhakiki mmoja wa gazeti alisimama mbele ya picha mpya ya mchoraji Joseph Mallord William Turner, akasikitika. Picha ilionyesha mto usiku, mwezi mpevu angani, na makuli wakipakia makaa ya mawe melini. Mhakiki hakuukataa mwanga. Aliusifu. Kilichomuuma ni kwamba mbalamwezi tukufu kiasi kile imepotezwa kwa wachafu wa makaa, badala ya kuwaangazia wapenzi njia ya kwenda kukutana.

Nimeyafikiria sana masikitiko hayo. Aliyeyaandika hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile ambacho wengi wetu tunakiamini bila kukitamka, kwamba yuko anayestahili kuangaziwa na yuko asiyestahili. Hata sisi wa pwani mwezi tumewapa wapenzi tangu zamani. Katika nyimbo zetu za taarabu mwezi ni uso wa mpenzi, ni shahidi wa ahadi, ni taa ya anayengoja. Ni nadra umwangazie hamali. Nadhani ndiyo maana picha ya Turner imenishika isiniachie. Alichukua mwanga bora kabisa aliokuwa nao akawapa watu ambao hakuna aliyekuwa akiwatazama, na alipowapa hakuwaosha kwanza ili wafanane nao.

Picha yenyewe si kubwa sana. Upana wake ni kama sentimita 123 na kimo kama 92. Ni mali ya National Gallery of Art ya Washington, Marekani, na makumbusho hayo yameiweka mtandaoni bure, kwa ukubwa unaomruhusu mtu kuivuta kwenye simu hadi aone mikwaruzo ya brashi. Kwa Kiingereza inaitwa Keelmen Heaving in Coals by Moonlight, yaani makuli wa matishari wakipakia makaa kwa mbalamwezi. Mahali ni Shields, kwenye mlango wa mto Tyne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Turner alikuwa ameshapachora mahali hapo kwa rangi za maji mwaka 1823, usiku vilevile, kazi ileile. Miaka 12 baadaye akarudia kwa rangi ya mafuta. Mtu hurudia jambo kwa sababu halijamtoka moyoni.

Ukiifungua, jicho huenda moja kwa moja kwenye mwezi. Ameuweka juu, kushoto kidogo ya kati, na mwanga wake umeshuka majini ukawa njia nyeupe inayokuja hadi karibu na ulipo. Njia hiyo ameiacha wazi, hakuna chombo kikubwa kilichoikata. Kushoto zimesimama meli za matanga, zimetulia, zinangoja maji ya asubuhi ziondoke. Kulia ndiko kazi iliko. Huko kumesongamana meli za makaa, matishari yamezibana ubavuni, milingoti na kamba zimepandana, na ndani ya weusi huo mienge inawaka kwa rangi ya chungwa, mingine imewaka hadi kukaribia weupe, na moshi unapanda. Mbele ya miali wanaonekana watu. Ni vivuli tu, wameinama. Mbali kabisa, nyuma ya vyote, viwanda na meli nyingine vimeguswa kwa kijivu chepesi na mistari michache myembamba, ukipepesa macho vinapotea.

Mtu aliyekulia pwani akiuona mwezi mpevu juu ya mlango wa mto hahitaji kuambiwa kwamba maji ni ya bamvua. Jua na mwezi vimekaa katika mstari mmoja na dunia, vinavuta kwa pamoja, na bahari hujaa sana kisha ikapwa sana. Jambo hili dogo linabadilisha picha nzima. Mhakiki aliuona mwezi kama pambo lililotundikwa mahali pasipostahili. Lakini kwa makuli wa Tyne mwezi ulikuwa sehemu ya kazi. Walishuka mto maji yakipwa, wakapanda tena yakijaa. Safari zao zilihesabiwa kwa maji, na maji hayajali kama ni mchana au usiku wa manane. Kama maji yanapwa saa nane za usiku, saa nane za usiku ndiyo saa ya kazi. Mwanga ule haukuteremka kuwapamba watu waliokuwepo pale kwa bahati. Mwezi wenyewe ndio uliowaita.

Huku kwetu wako wavuvi ambao mambo yao ni kinyume. Wavuvi wa dagaa, wa Ziwa Victoria na wa Unguja, huvua gizani wakiwavuta samaki kwa taa, zamani za karabai, siku hizi nyingi za betri na za sola. Mwezi ukipevuka taa zao hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, nyavu hupumzika. Kwa hiyo mwezi mmoja, ukiwa umepevuka vilevile, huku unamlaza mtu na kule unamwamsha. Aonaye mbalamwezi akaona mapenzi tu ni yule ambaye riziki yake haitegemei mwezi.

Inafaa kueleza kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu uzuri wa picha hii hauonekani sawasawa mpaka mtu ajue beleshi la makaa lina uzito gani. Makaa yalichimbwa juu ya mto, katika machimbo ya pande za Newcastle. Meli za baharini hazikuweza kuyafuata huko. Mto ulikuwa na kina kidogo, na daraja la Newcastle lilikuwa chini kiasi kwamba milingoti isingepita. Hivyo makaa yaliletwa kwa matishari mapana, bapa chini, yaliyobeba tani zipatazo 21 kila moja. Kwa kawaida wafanyakazi wa tishari walikuwa wanaume watatu na mvulana mmoja. Waliliendesha kwa kasia refu na kwa pondo, na kwa tanga upepo ukikubali. Wakifika Shields hujifunga ubavuni mwa meli, na hapo ndipo kazi inapoanza hasa: kurusha makaa kwa beleshi, kwenda juu, hadi kwenye tundu lililo ubavuni mwa meli. Tani 21, kwa mikono ya watu wasiofika wanne wazima. Kisha kurudi juu ya mto kufuata mengine. Watu wa Tanga wanaweza kuielewa hali hii upesi, maana kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na nchi kavu, na shehena ikafuatwa huko kwa matishari.

Sasa rudi kwenye picha, uvute upande wa kulia mpaka mtu mmoja ajaze kioo cha simu. Utakuta hana uso. Hana macho wala vidole. Ni mipako michache ya rangi nyeusi yenye kahawia ndani yake. Lakini mgongo wake ni sahihi. Unajua kwamba beleshi limeshajaa na kwamba uzito uko mbele ya magoti. Mchoraji aliyewahi kutazama kazi hiyo kwa dakika tano tu asingeupata mgongo ule. Karibu naye mwenge unawaka, na Turner hakuuchora mwenge kwa umbo, ameuweka kama madoa mazito ya njano na chungwa juu ya weusi, na mwali wake umeshika ukingo wa kitu, labda kamba, labda ubao, kwa mstari mmoja mwekundu.

Hapa kuna ufundi ambao napenda kuueleza kidogo, kwa sababu hali ya moyo katika picha hailetwi na nia njema ya mchoraji. Inaletwa na rangi. Wachoraji wengi waliomtangulia Turner walizoea kuanza na turubai lililopakwa rangi iliyokolea, ya udongo au kahawia, kisha wakapanda kidogo kidogo kutoka gizani kuelekea kwenye nuru. Turner alipendelea kulipaka turubai rangi nyeupe kwanza. Bluu ikipitishwa juu ya weupe, nyembamba, weupe unaendelea kuonekana kutoka chini. Ndiyo maana anga lake la usiku halifungi. Lina kina, linapitisha mwanga kutoka nyuma. Mwezi wenyewe ameujenga kwa rangi nzito iliyovimba juu ya uso wa turubai, nao unashika mwanga wa chumba ulimo. Palipo na makaa amefanya kinyume, ameziba kabisa. Mtazamaji anahisi uzito upande wa kulia kabla hajajua ni kitu gani kilichochorwa pale.

Wako pia waliolalamika mwaka uleule kwamba usiku huu si usiku, unang'aa mno. Wana haki kwa upande mmoja. Kwenye mbalamwezi jicho la binadamu karibu halioni rangi. Kanga nyekundu iliyosahauliwa kambani huwa nyeusi usiku, hata mwezi ukiwaka namna gani. Lakini mchoraji ana shida ambayo mwezi hauna. Rangi yake haiwaki. Weupe wake mkali kuliko wote haupiti weupe wa ukuta uliopakwa chokaa katika chumba hichohicho. Hana njia ya kuleta mwanga isipokuwa kwa kupatanisha na kugombanisha rangi. Turner amegombanisha bluu na chungwa, rangi mbili ambazo zikikaa jirani kila moja huizidishia nyingine nguvu. Anga lake ni la baridi kwa sababu mienge ni ya moto, na mienge ni ya moto kwa sababu anga ni la baridi. Funika upande wa kulia kwa kiganja uone: mwezi unapoa, unakuwa mwezi wa kawaida, mzuri, usio na habari. Ondoa kiganja na usiku wote unaamka. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya rangi peke yake, mhakiki alikosea. Mbalamwezi ile haikupotezwa kwa makuli. Bila mienge yao isingekuwa tukufu.

Mwanga wa mwezi na mwanga wa mwenge ina asili tofauti, na tofauti hiyo ina maana. Mwezi hauna bei. Unafika kwenye meli ya tajiri na kwenye tishari kwa kipimo kimoja, na hauulizi nani anafanya nini. Mwenge umewashwa na mtu, kwa gharama, ili mtu mwingine aone pa kutia beleshi. Unaangaza eneo dogo tu, la ukubwa wa kazi iliyopo, na unatoa moshi unaoingia machoni. Sehemu kubwa ya turubai ni ya mwezi, na kipande kidogo cha mienge ndicho walichomo watu. Nimejaribu kujiuliza Turner alitaka tusimame upande gani. Naona ametuweka majini, katikati ya njia nyeupe, ambapo tunapata mwanga wote wa bure, na watu wa mienge wako pembeni yetu wakifanya kazi. Ndipo walipokuwa watazamaji wake. Maonyesho ya Royal Academy, ambako picha ilionyeshwa mwaka ule, yalifanyika Somerset House, jumba lililo ukingoni mwa mto Thames, na jiji la London kwa karne nyingi lilikuwa limeota moto wa makaa yaliyokuja kwa bahari kutoka Tyne. Waungwana waliosimama mbele ya picha ile walikuwa wakitazama joto la sebule zao linavyopatikana. Wengi hawakulitambua. Waliona masizi.

Kuna mtu mwingine katika habari hii ambaye hakuchorwa. Ni Henry McConnel, mwenye vinu vya kusokota pamba mjini Manchester. Yeye ndiye aliyemwomba Turner aichore. Tayari alikuwa na picha nyingine ya Turner, iliyoonyeshwa mwaka 1834, ya mji wa Venice, jumba la forodha la Dogana na kanisa la San Giorgio Maggiore mbele ya maji mapana. Akataka ya pili ya kukaa nayo. Leo zote mbili ziko Washington. Ukiziweka pamoja utashangaa. Venice ni mchana, jua limetanda, anga la bluu isiyo na shaka, majengo meupe yamejimwaga majini, na wapiga makasia wamejipumzisha na vyombo vyao vyenye mizigo ya rangi. Njia zote mbili za maji zina shughuli. Lakini moja ni ya mji ambao ukubwa wake ulikuwa umekwisha, kwa kuwa jamhuri ya Venice ilianguka mwaka 1797, na nyingine ni ya nchi iliyokuwa inawasha injini zake.

Wengi wameisoma jozi hii kama somo: taifa linalofanya kazi usiku litaendelea, na linaloota jua litaporomoka. Tajiri wa vinu lazima alilipenda somo hilo. Mimi silioni ndani ya rangi. Nikizitazama pamoja, Venice haionekani kulaumiwa, na Shields haionekani kushangiliwa. Jua la Venice limechorwa kwa upendo uleule uliochora mwezi wa Tyne. Ninachokiona ni kwamba Turner alikataa kushusha kiwango. Alipofika kwenye makaa hakubadili brashi, hakusema kwamba haya ni mambo ya kawaida basi rangi za kawaida zitatosha. Alileta bluu yake bora na weupe wake bora. Heshima ya fundi kwa jambo analolishughulikia huonekana hapo, katika ubora wa vifaa anavyokubali kuvitumia, zaidi kuliko katika maneno anayoyasema juu yake.

Lakini sitaki kumfanya Turner mtakatifu, na picha yenyewe haihitaji mchoraji mtakatifu. Fedha za McConnel zilitoka kwenye pamba, na pamba iliyolisha vinu vya Manchester wakati ule kwa sehemu kubwa ilitoka kusini mwa Marekani, ikilimwa na kuchumwa na watumwa. Turner mwenyewe mwaka 1805 aliweka pauni 100 katika mradi wa shamba la mifugo Jamaica lililotegemea watumwa. Mwaka 1840 alionyesha picha ya meli ya watumwa yenye bahari nyekundu na miili majini, ambayo sasa iko Boston, na kwa picha hiyo alikuwa upande wa waliotupwa baharini. Yote mawili ni ya mtu mmoja. Nayataja kwa sababu swali la nani anaangaziwa halikomei kwenye ukingo wa turubai. Wanaume wa Shields walipata mwezi. Waliochuma pamba iliyolipia picha hawakupata hata mwenge ndani yake.

Na wanaume wa Shields wenyewe walikuwa zaidi ya vivuli. Walikuwa na historia yao, na wangeisimulia bila msaada wa mchoraji. Mwaka 1701, huko Newcastle, ilikamilika nyumba ya kuwatunza makuli wa matishari waliozeeka au kuumia, pamoja na wajane, na iliyoijenga ni michango yao wenyewe, iliyokatwa katika ujira wa kila maji. Fikiria hilo: watu wanaorusha makaa usiku wakikubaliana kwamba sehemu ya kila safari si yao, ni ya mwenzao ambaye mgongo umeshakataa. Jengo hilo bado lipo. Waligoma mara nyingi pia. Mgomo wa 1822 ulidumu zaidi ya miezi miwili, na kilichowasukuma ni mitambo mipya iliyojengwa ukingoni mwa mto ili makaa yateremke kwa mfereji moja kwa moja hadi melini, bila tishari na bila beleshi. Walishindwa. Turner alipoichora picha yake, kazi ile ilikuwa imeshaanza kupungua, na kadiri karne ilivyosonga ikaisha kabisa.

Hilo linanipa tabu kidogo juu ya vivuli vile. Wako wanaosema kwamba kumchora mtu bila uso ni kumdharau. Hoja hiyo ina nguvu, na nimeipima. Kwa upande mmoja, mtu aliyesimama kati yako na moto hawezi kuwa na uso, huo ndio ukweli wa mwanga, na mchoraji aliyewapa nyuso angesema uongo. Kwa upande mwingine, ni Turner aliyechagua moto uwe nyuma yao. Ukitazama pembe ya chini kushoto utaona boya linaelea, na juu ya boya hilo ameandika herufi za jina lake, JMWT. Mtu pekee mwenye jina katika mto mzima ni mchoraji. Nikizipima pande zote mbili, bado naona alichowapa ni kikubwa kuliko alichowanyima. Aliyewachora kwa nyuso, akawaweka wakitabasamu mchana na mikono safi, angewapa umaarufu wa watu wengine. Turner alikiacha kilichokuwa chao: giza lao, moshi wao, saa zao. Kisha juu ya hayo akaweka anga lote.

Nadhani tunahitaji kuitazama picha hii sisi hasa, watu wa bandari. Pita kwenye maduka ya picha ya Mji Mkongwe, Unguja, au ya Mombasa, uhesabu majahazi. Ni mengi, na mengine yamechorwa kwa ufundi mkubwa. Tanga limejaa upepo, jua linatua, maji ni dhahabu, mnazi mmoja umeinama pembeni. Watu hawamo. Ukiwaona ni nukta mbili kwenye omo. Jahazi hilo, likifika gatini, linashusha mbao, saruji, magunia, mitungi ya gesi, na kila kitu kinapita kwenye bega la mtu. Kipande hicho cha safari hakichorwi. Tunapenda jahazi likiwa mbali, mahali ambapo jasho halionekani.

Siwalaumu wachoraji. Mchoraji wa gatini anajua vizuri kuliko mimi na wewe hamali anavyosimama, amemwona kila siku. Anachora machweo kwa sababu machweo yananunuliwa, na ana watoto wa kusomesha. McConnel ananirudia akilini hapa, pamoja na kasoro zote za fedha zake. Tajiri wa pamba alitoa oda ya makaa. Aliyataka ukutani kwake, karibu na Venice, kwa hadhi moja. Ile mbalamwezi ilihitaji mnunuzi ili ichorwe. Kwetu wanunuzi wa picha si watalii peke yao. Kuna mabenki, mahoteli, ofisi za serikali, kampuni za meli, zote zina kuta pana zenye majahazi ya machweo, na zote zinaishi kwa mizigo iliyobebwa. Mkuu wa ofisi mojawapo akimwita mchoraji na kumwambia, nichoree wanaoshusha shehena alfajiri, kwa bei ileile ya machweo au zaidi, rangi zako bora, usiwaoshe, mchoraji hatauliza maana yake. Ataamka saa kumi na moja kasoro, atakaa gatini na karatasi zake, na atafanya haraka, kwa sababu anga linapoanza kuwa bluu na taa za gatini bado zinawaka rangi ya chungwa ana dakika chache tu kabla jua halijazifuta.